SOMO LA WANACHAMA: Kuyazoea Mazungumzo Magumu Kabla ya Kuingia Wodini



Mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa hatua kwa hatua jinsi ya kudunga sindano, kuosha kidonda, kupima presha na kujaza chati. Haruhusiwi kumgusa mgonjwa mpaka mwalimu aridhike kwamba mkono wake umezoea. Lakini iko kazi nyingine ambayo mwanafunzi hutupwa ndani yake bila kuonyeshwa njia: kuzungumza na mtu aliyepandwa na hasira, na mgonjwa anayekataa dawa, na mama aliyefiwa na mtoto sasa hivi. Katika kazi hiyo siku ya kwanza ndiyo somo la kwanza, na anayelipa ada ya somo ni mgonjwa, au mwanafunzi mwenyewe.

Shabaha ya somo hili ni kueleza jinsi mazungumzo ya namna hiyo yanavyoweza kufanyiwa mazoezi kwa maigizo, hasa maigizo yanayofanywa kwa simu na kompyuta. Tutaona asili ya njia hii, namna ya kuitumia, mipaka yake, na mambo ambayo chama hakina budi kuyasimamia. Somo linawafaa wanafunzi, walimu wa vyuo, wakuu wa wodi na viongozi wa matawi. Lisomeni pamoja, kisha mjibu maswali yaliyo mwishoni.

1. KWA NINI JAMBO HILI LATUHUSU

Katika hospitali za Kampala kila aliyevaa sare huitwa "musawo". Mgonjwa hatofautishi daktari, mwuguzi, mkunga na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kwa hiyo mwanafunzi huulizwa maswali ya daktari, na hulaumiwa kwa makosa ya stoo ya dawa, ya maabara na ya serikali. Usiku, daktari akiwa chumba cha upasuaji na mwuguzi mmoja akiwa na wodi nzima, mwanafunzi ndiye anayekutwa mlangoni.

Jambo la pili ni usalama. Mwaka 2000 Ebola ilipozuka Gulu, hospitali ya Lacor ilipoteza wauguzi kadhaa, na tarehe 5 Desemba 2000 ikampoteza Dokta Matthew Lukwiya aliyekuwa akiwaongoza. Katika mlipuko uliotangazwa tarehe 20 Septemba 2022, ulioanzia Mubende na kufika Kampala, wafanyakazi wa afya 19 waliambukizwa na 7 kati yao wakafa. Tarehe 30 Januari 2025 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko mwingine, safari hii Kampala penyewe. Mgonjwa wa kwanza kutambuliwa alikuwa mwuguzi, naye alikuwa amekwisha kufariki. Mlipuko huo ulitangazwa kwisha tarehe 26 Aprili 2025.

Mtu atauliza: Ebola inahusiana nini na mazungumzo? Inahusiana sana. Glavu na barakoa humkinga mwuguzi akishajua kwamba kuna hatari. Ili ajue, hana budi kuuliza: "Umehudhuria mazishi hivi karibuni? Nani mwingine nyumbani ameugua? Ulikwenda kwa mganga gani kabla ya kuja hapa?" Mgonjwa aliyeulizwa kwa ukali huficha, au huondoka akaenda zahanati nyingine. Aliyeulizwa vizuri husema. Basi namna ya kuuliza ni sehemu ya kinga, na kinga hufanyiwa mazoezi kabla ya hatari kufika.

Jambo la tatu ni lugha. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu katiba iliporekebishwa mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe shuleni kwa lazima. Lakini wodini Kiswahili kilifika zamani. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja, na baadhi ya wale waliotoka mashariki ya Kongo wanaishi katika mitaa ya Kampala kama Nsambya, Katwe na Makindye. Mara nyingi mama Mkongo huja na mtoto wake wa miaka kumi awe mkalimani. Je, mwanafunzi atamwuliza mama huyo habari za kutoka damu kupitia kinywa cha mwanawe? Hilo nalo ni jambo la kufanyiwa mazoezi.

2. ASILI YA NJIA HII

Kuigiza ili kujifunza uuguzi si jambo jipya. Mwaka 1911 chuo cha wauguzi cha hospitali ya Hartford huko Marekani kilipata mwanasesere wa kimo cha mtu mzima, aliyetengenezwa na Martha Jenkins Chase, fundi wa wanasesere. Wanafunzi walimwita "Bibi Chase", na kwake walijifunza kumgeuza mgonjwa, kumwogesha na kumvika. Bibi Chase alikuwa na subira nyingi, lakini alikuwa bubu.

Mwaka 1963, mjini Los Angeles, Dokta Howard Barrows alichukua hatua ya pili. Alimfundisha mtu mwenye afya njema aigize mgonjwa wa mishipa ya fahamu, pamoja na maumivu yake, hofu yake na majibu yake, ili wanafunzi wa udaktari wampime na kuzungumza naye. Mwanzoni baadhi ya wakubwa waliona ni mchezo wa kuigiza usiostahili chuo. Leo "mgonjwa wa kuigiza" ni sehemu ya mafunzo na mitihani katika vyuo vingi duniani.

Hapa kwetu tunao urithi wetu. Mwaka 1987, wakati ambapo neno Ukimwi lilisemwa kwa kunong'ona, Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha shirika la TASO. Yeye alikuwa mfanyakazi wa Mulago, mtaalamu wa tiba ya viungo. Kutokana na kazi ya TASO, na ya Kituo cha Habari za Ukimwi kilichofunguliwa Kampala mwaka 1990, Waganda wengi walitambua kwamba kumpa mtu majibu ya kipimo ni ufundi: unaandaa mahali, unasikiliza, unanyamaza pale panapohitaji kunyamaza. Kwa hiyo, ndugu, tusidhani kwamba ushauri ni elimu ya kuletewa kutoka ng'ambo. Wakongwe wa kazi hiyo wangalipo miongoni mwetu, na yafaa vyuo viwaite.

Igizo la kompyuta na simu lilipata nguvu baada ya mwezi Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya Korona na wanafunzi wakazuiwa kuingia wodini. Hata kabla ya hapo, watafiti wa KEMRI-Wellcome nchini Kenya na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oxford walikuwa wametengeneza mchezo wa simu uitwao LIFE. Mchezo huo humweka mwuguzi mbele ya mtoto mchanga asiyepumua, achague la kufanya haraka. Mchezo wa LIFE unazoesha uamuzi na mikono. Sisi hapa tunazungumzia ulimi na sikio.

3. AINA TATU ZA IGIZO

(a) Igizo la simu. Wanafunzi wawili hukaa vyumba mbalimbali na kupigiana simu, au kutumiana ujumbe wa sauti. Mmoja ni mwuguzi, mwingine ni mgonjwa au ndugu yake. Wa tatu husikiliza na kuandika. Hii ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote, nayo inafanana na kazi halisi, maana wauguzi wengi hutoa habari nzito kwa simu.

(b) Mgonjwa wa kompyuta. Hapa picha ya mgonjwa huonekana kwenye kioo na kusema maneno yake. Mwanafunzi huchagua jibu kati ya majibu matatu au manne, na kila jibu hufungua njia yake. Siku hizi ziko programu za akili bandia ambazo mwanafunzi huzungumza nazo kwa maneno yake mwenyewe, nazo hujibu.

(c) Miwani ya kompyuta. Mwanafunzi huvaa kifaa kinachofunika macho, akajiona yumo ndani ya wodi. Kifaa hiki ni ghali, huhitaji umeme wa hakika na fundi wa kukitunza, na wengine huwatia kizunguzungu. Chuo kisichokuwa nacho kisijione maskini wa elimu. Kwa mazungumzo, aina ya kwanza na ya pili zatosha kuanzia.

4. MFANO WA KUFANYIA MAZOEZI

Tuchukue hali ambayo kila mwuguzi wa Kampala anaifahamu. Ni saa nne usiku. Kijana wa bodaboda amevunjika mguu. Dawa ya maumivu imekwisha stoo. Kaka yake amekwisha ambiwa mara mbili akanunue nje. Anasimama mbele ya mwanafunzi na kusema kwa sauti ya kusikika wodi nzima:

"Musawo, ndugu yangu analia tangu saa kumi na moja! Nyinyi dawa mnazo. Mnaziuza!"

Mwanafunzi ana majibu matatu.

Jibu la kwanza: "Usinipigie kelele. Mimi siuzi dawa. Mimi ni mwanafunzi tu."
Njia inayofuata: kaka anasema, "Kumbe wametuachia mwanafunzi!" Ndugu za wagonjwa wengine wanasogea. Kila neno katika jibu lile lilikuwa la kweli, lakini yote yalikuwa habari za mwuguzi. Mgonjwa hakutajwa.

Jibu la pili: "Tulia ssebo, dawa zitakuja sasa hivi."
Njia inayofuata: kaka anatulia kwa nusu saa, kisha anarudi na wenzake wawili. Ahadi isiyo na mwenyewe imegeuka kuwa uwongo, na zamu inayofuata itaukuta.

Jibu la tatu: "Pole sana, ssebo. Nami namsikia anavyolia. Nitakueleza ukweli: stoo hapa hatuna dawa hiyo usiku huu. Twende kwanza nimwone, niuweke mguu sawa, kisha nimwite sista mkuu wa zamu mbele yako tuone lipi linawezekana."
Njia inayofuata: kaka bado ana hasira. Anasema, "Kila siku hamna!" Lakini sasa anatembea pamoja na mwuguzi kuelekea kitandani, na watu waliosogea wanarudi mahali pao.

Angalieni mambo manne katika jibu hilo. Kwanza, ameyataja maumivu ya mgonjwa kabla ya kujitetea. Pili, amesema ukweli juu ya stoo bila kumlaumu mfanyakazi mwenzake. Tatu, ameahidi kile tu anachokiweza. Nne, ameita msaada, maana mwanafunzi hana haki wala wajibu wa kubeba jambo hilo peke yake.

Liko pia jibu la nne ambalo programu nyingi hulisahau: kuondoka. Kaka akiinua mkono, au akiziba mlango, mazungumzo yamekwisha. Mwanafunzi arudi nyuma, asimame penye njia ya kutokea, aite mlinzi na wenzake. Igizo lisilomfundisha mwanafunzi wakati wa kuondoka ni igizo la hatari.

5. HATUA SITA ZA KUTOA HABARI NZITO

Mwaka 2000 madaktari wa saratani wa Marekani na Kanada walichapisha hatua sita za kutoa habari mbaya. Zimeenea duniani, nasi tunaweza kuzisema hivi:

Moja: andaa mahali. Tafuta kiti, funga pazia, zima simu.
Mbili: uliza anachokijua. "Mama, mpaka sasa umeelezwa nini?"
Tatu: uliza anachotaka kukijua, na nani awepo. Katika jamaa zetu huenda akamtaka shangazi au mzee wa ukoo.
Nne: sema kwa maneno mepesi na mafupi. Kama mtu amekufa, sema amefariki. Usiseme "hali imebadilika", maana mama ataendelea kungoja.
Tano: pokea majonzi yake. Hapa kazi yako ni kunyamaza na kukaa. Usiharakishe kusema "ni mapenzi ya Mungu"; mwache yeye aseme, akitaka.
Sita: eleza litakalofuata: nani atausafirisha mwili, karatasi gani zinahitajika, nani atakuwa naye usiku huu.

Kwa kawaida daktari ndiye anayetoa habari hiyo. Lakini daktari akiisha kuondoka, mwuguzi ndiye anayebaki na mama, naye huulizwa upya kila kitu. Kwa hiyo hatua ya tano na ya sita ni zetu.

6. MPANGO WA KIPINDI CHA SAA MOJA

Dakika 10: mwalimu aeleze hali, sehemu za kila mmoja, na neno la kusimamisha igizo. Yeyote akilisema neno hilo, igizo husimama bila maswali.
Dakika 10: igizo la kwanza.
Dakika 20: mazungumzo. Aanze aliyekuwa mwuguzi: alihisi nini, angebadili nini. Kisha aliyekuwa mgonjwa aseme ni neno gani lilimtuliza na lipi lilimchoma. Mwalimu aseme mwisho, tena kwa uchache.
Dakika 10: igizo lilelile mara ya pili. Hatua hii isikosekane, kwa sababu bila kurudia mwanafunzi huondoka na lawama tu.
Dakika 10: wabadilishane nafasi. Aliyewahi kukaa upande wa mgonjwa, hata kwa kuigiza, hatasahau upesi jinsi dakika moja ya kungojea ilivyo ndefu.

7. MIPAKA NA TAHADHARI

Kompyuta inasaidia sana katika kurudia. Mwanafunzi anaweza kukosea mara ishirini bila kumwumiza mtu, na mwenye haya hufanya mazoezi peke yake usiku. Lakini kompyuta haina harufu ya wodi, haina uchovu wa saa kumi na mbili, na haina macho ya ndugu saba waliozunguka kitanda. Mgonjwa wa akili bandia hukubali upesi mno: ukimwambia "pole", anatulia. Watu halisi hawatulii hivyo. Tena programu nyingi zimefundishwa zaidi kwa Kiingereza cha nchi nyingine. Hazijui adabu ya kumwamkia mzee, wala hazijui kwamba mama anaweza kusema "naam" kwa heshima tu bila kuwa amekubali. Mwalimu hana budi kuwapo.

Tahadhari nyingine ni siri za wagonjwa. Mambo ya wodini yasichukuliwe yalivyo na kutiwa katika simu au programu. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya mwaka 2019 inamlinda mgonjwa, na inamlinda pia mwanafunzi aliyerekodiwa. Badilisheni umri, mtaa, kabila na ugonjwa, mpaka hata aliyehusika asijitambue.

Tatu, mwanafunzi aliyefiwa juzi asilazimishwe kuigiza kifo. Aulizwe mapema, kwa faragha.

8. WAJIBU WA CHAMA

Hapa ndipo wanachama wapaswa kuwa macho. Mafunzo ya mazungumzo ni haki ya mfanyakazi. Lakini yanaweza kugeuzwa kuwa kisingizio. Mwuguzi mmoja akiachiwa wagonjwa wengi kupita kiasi, kisha akashambuliwa, asiambiwe kwamba kosa ni "hakuzungumza vizuri". Hakuna maneno yanayoweza kujaza stoo tupu. Madai yetu ya wafanyakazi wa kutosha, ya dawa, ya walinzi na ya taa za kutosha hayapunguzwi na somo hili hata kidogo.

Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019, unahusu ukatili na unyanyasaji kazini, nao unawataja pia watu walio katika mafunzo. Uganda iliuridhia mwaka 2023. Kwa hiyo mwanafunzi aliyetukanwa au kupigwa wodini si "mtoto anayezoezwa ugumu wa kazi". Ni mtu anayelindwa. Tukio liandikwe, na tawi lipewe habari.

Kwa upande wa maigizo, matawi yadai mambo haya manne:

Kwanza, gharama za intaneti zilipwe na chuo. Kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyowekwa mwaka 2018 juu ya mitandao ya kijamii iliondolewa mwaka 2021, lakini ikafuatiwa na kodi ya asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti. Mzigo huo usiwe wa mwanafunzi.
Pili, muda wa mazoezi uhesabiwe ndani ya saa za masomo au za zamu.
Tatu, sauti na picha zilizorekodiwa zisitumiwe katika adhabu, wala zisihifadhiwe bila idhini.
Nne, wauguzi wazoefu wanaofundisha maigizo watambuliwe kuwa wanafundisha, na walipwe hivyo.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Tajeni mazungumzo matatu ambayo wanachama wa tawi lenu huyaogopa kuliko mengine. Ni lipi mlilofundishwa chuoni?
2. Katika mfano wa kaka wa bodaboda, ungesema nini tofauti na jibu la tatu? Andika maneno yenyewe, kwa lugha ambayo ungeitumia wodini.
3. Mama Mkongo amekuja na mtoto wake awe mkalimani. Ni nani katika hospitali yenu anayeweza kuitwa badala ya mtoto? Saa nane usiku je?
4. Mwanafunzi akishambuliwa leo katika wodi yenu, nani ataandika habari hiyo, katika kitabu gani, na nani atamsindikiza nyumbani?

KAZI YA TAWI: Kila tawi lichague hali moja kutoka swali la kwanza, liiandike kwa ukurasa mmoja pamoja na majibu matatu na njia zake, kama tulivyofanya katika sehemu ya nne. Majina na mahali pabadilishwe. Zikikusanywa za matawi kumi, vyuo vitakuwa na kitabu cha mazoezi kilichoandikwa na wauguzi wenyewe, na mwalimu yeyote mwenye simu mbili ataweza kukitumia.